Pengo la Kisu

Kilifika Mwandiga ndani ya gunia la vitenge,
ncha imevunjika, ala inanuka ziwa.
Kashindi, mchuuzi wa Uvira, alikilaza juu ya fuawe
kama anayemlaza mtoto mwenye homa.
"Nilibadilishana na askari wa Nepali, mlinda amani,
kwa redio na jozi ya kandambili.
Nitengenezee ncha. Nitarudi mwezi ujao."
Mwezi ujao wake sasa una miaka mitatu.

Baba hakugusa nyundo.
Alikipima kwa shubiri, akakining'iniza kwa uzi
aone kinainamia wapi.
Kiliinamia mbele, kama mbuzi anayenusa chumvi.
"Hiki hakikati," akasema. "Hiki kinaanguka.
Kazi ya mkono ni kukionyesha njia."

Usiku ule springi ya lori la Uvinza ikaingia motoni,
mimi kwenye mivukuto, macho yakichuruzika.
"Samaki mkunje angali mbichi,
na chuma kikunje kingali na haya usoni."
Cha kwanza kilipinda kupita kiasi:
kiliingia kwenye mgomba, kikakataa kutoka.
Cha pili kilikuwa panga lililolegea kiuno.
Tulikicheka mpaka moto ukazima.

Kisha watu wakaja, kila mtu na upinde wake.
Sadoki wa Mahembe, mpanda michikichi,
alitaka chembamba, chenye kitanzi mwishoni mwa mpini,
maana kule juu mkono mmoja ni wa mti.
Wanawake wa Kibirizi walitaka vidogo, vya kupasulia migebuka.
Bi Adiventina wa buchani alitaka tumbo pana,
mgongo mzito wa kuvunjia mifupa,
"na ncha iwe butu, kisinikodolee macho."
Hamimu hutumia kushoto. Tuliona si hoja,
hadi mpini wangu wa mninga
ulipomchubua kidole kilekile siku tatu mfululizo.
Nikachonga upya, nikigeuza kila nilichokijua.

Lakini karibu na mpini, makali yanapoanzia,
kisu cha askari kilikuwa na pengo,
nafasi ya jino lililong'oka,
na katikati yake kijino kimoja kimebaki.
Kashindi alisema ni la kudondoshea damu.
Mwalimu wa sayansi alisema ni kwato ya ng'ombe, alisoma mahali.
Bi Adiventina alisema, "Nyama itanasa hapo. Niondolee."
Baba alilikata kwenye kila kisu, kwa tupa ya pembe tatu,
nusu saa nzima, bila malipo.
"Unajua ni la nini?"
"Sijui. Ila aliyelikata kwanza hakuwa mjinga,
na mimi si wa kumkata kauli mtu nisiyemwona."

Alipokwenda Kasulu msibani
nikamfulia Bi Adiventina chake, bila pengo.
Kilipendeza. Nilijisifu mbele ya mkaa.
Wiki ya sita alikileta nikinoe:
tupa ikateremka kwenye makali, haikuona pa kusimama,
ikapita, ikala bapa, ikala pete ya shaba,
ikakwaruza mninga wangu mwenyewe.
Nikachukua cha Sadoki. Tupa ikateremka,
ikafika pengoni, ikatua
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

Baba aliporudi nikamwonyesha mara nne.
Alitazama, akitafuna kijiti.
Hakuniuliza kile kisu kingine kilifuliwa na nani.
"Labda," akasema,
akavuta kigoda, akachukua tupa ya pembe tatu,
akaanza kulikata pengo la Bi Adiventina.

Hadi leo analalamika kuwa nyama inanasa.
Inanasa kweli.